LUGHA NA TABAKA: KIINGEREZA KILIVYOPATA CHEO NCHINI MWETU

Ndugu zetu wengi katika Chama wanapozungumzia tabia ya kukitukuza Kiingereza na kukionea haya Kiswahili, huwa na neno moja tu la kuielezea: kasumba. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mtoto wake asome shule ya Inglishi midiamu ana kasumba. Kijana anayetia Kiingereza katika kila sentensi ana kasumba. Familia inayochapisha kadi za harusi kwa Kiingereza, kisha ikazipeleka kwa mashangazi na wajomba ambao itawabidi watafute mtu wa kuwasomea, nayo ina kasumba. Neno lenyewe ni zuri, nasi tumelirithi kwa waliotutangulia. Kasumba ni afyuni, na aliyelewa afyuni hajui tena lipi lake na lipi la mwenziwe. Lakini neno hili lina hatari. Linatufanya tuamini kwamba ugonjwa uko kichwani mwa mgonjwa peke yake, na kwamba dawa yake ni kumkemea. Tumekemea tangu Uhuru, na shule za ada zinazojitangaza kwa Kiingereza chao zinazidi kuongezeka.

Makala hii inadai jambo tofauti. Inadai kwamba cheo cha Kiingereza nchini mwetu kina msingi wake katika utaratibu wa kupata kazi, madaraka na haki. Kwamba msingi huo ulijengwa na watu tunaowajua, katika miaka tunayoijua. Na kwamba baada ya Uhuru tuliubomoa nusu tu, nusu nyingine tukaihifadhi sisi wenyewe. Yule mzazi anayeuza ng'ombe hakulewa. Ameutazama uchumi wa nchi yake, ameona mlango uko wapi na ufunguo wake ni upi, akauza ng'ombe.

LUGHA YA MABWANA NA LUGHA YA WACHUNGAJI

Ili ionekane kwamba jambo hili halitokani na uzuri au ubaya wa lugha yoyote, yafaa tuanzie Uingereza kwenyewe. Mwaka 1066 majeshi ya William wa Normandy yalivuka bahari kutoka Ufaransa, yakamshinda na kumwua Mfalme Harold, na ardhi ya nchi ile ikagawiwa makabaila waliokuja naye. Kwa muda wa karne tatu hivi mtu wa heshima nchini Uingereza alisema Kifaransa. Kanisa na wasomi walitumia Kilatini. Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana, ya wachunga nguruwe na ya wapishi. Alama ya utaratibu ule imo ndani ya Kiingereza chenyewe mpaka leo: ng'ombe, kondoo na nguruwe wakiwa hai wanaitwa kwa majina ya Kiingereza cha kale, maana aliyewachunga alikuwa Mwingereza, nyama yao ikifika mezani inaitwa kwa majina yenye asili ya Kifaransa, maana aliyeila alikuwa bwana.

Mwaka 1362 ilitungwa sheria ya kuamuru mashauri mahakamani yasemwe kwa Kiingereza. Sababu ilitajwa waziwazi: watu hawakifahamu Kifaransa, kwa hiyo hawajui wanachoshtakiwa wala wanachotetewa. Kichekesho ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Nao wanasheria hawakuachia upesi. Kifaransa chao cha kimahakama, pamoja na Kilatini cha kumbukumbu, viling'ang'ania kwa karne nyingine tatu na zaidi, mpaka sheria ya mwaka 1731 ilipoviondoa.

Ni nini kilichobadili mambo? Vita vya muda mrefu dhidi ya Ufaransa, vilivyoanza mwaka 1337, viliifanya lugha ya mabwana kuwa lugha ya adui. Tauni ya mwaka 1348 na 1349 iliua watu wengi mno hata nguvukazi ikawa adimu, na mfanyakazi aliyebaki hai akapata sauti ambayo baba yake hakuwa nayo. Wafanyabiashara wa mijini walipata fedha. Mwaka 1381 wakulima waliasi. Mtu asitwambie, basi, kwamba Kiingereza kilisubiri kwanza kipate istilahi za sheria na sayansi ndipo kikapewa heshima. Watu waliokisema walipata nguvu kwanza. Maneno yakafuata nyuma, mengine kwa maelfu, tena yakiazimwa kutoka kwa hao hao Wafaransa na Walatini bila haya yoyote.

KISWAHILI NACHO KILIWAHI KUKAA KITI HICHO

Makada wengi hupenda kuirukia habari ya Mwingereza mara moja, na kuiacha ile iliyotangulia kwa sababu haitupendezi. Tusiiache. Kabla ya Kiingereza kuwa alama ya ukubwa katika Tanganyika, Kiswahili chenyewe kilikuwa alama hiyo. Pwani, kabla ya Wadachi, maneno mungwana na mshenzi yaligawa watu kwa makao, mavazi, dini na lugha. Wadachi walipoitwaa nchi hawakuwa na wakalimani wa kutosha kwa lugha zaidi ya mia, nao hawakuwa na haja ya kuwafundisha Waafrika Kidachi, ambacho kingeweza kuwapa mawazo. Walikichukua Kiswahili. Shule ya Serikali ya Tanga, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilitoa makarani na walimu waliotumwa bara. Hapo hapo Tanga likachapishwa gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904.

Kwa Mnyamwezi au Mpogoro wa mwaka 1905, basi, mtu aliyekuja na Kiswahili alikuja pia na daftari la kodi na kiboko. Alikuwa akida, askari au karani. Vita vya Maji Maji vilipolipuka, maakida walikuwa miongoni mwa waliolengwa mwanzo. Hata hivyo, baada ya vita kijana wa kule bara aliyetaka kuondokana na mzigo wa kichwani alijifunza Kiswahili, maana karani habebi mzigo. Sheria ni ile ile ya Uingereza ya karne ya kumi na nne. Lugha haina cheo chake yenyewe. Cheo chake ni cha mlango unaofunguliwa nayo.

Kilichokiokoa Kiswahili na laana ya uakida ni historia iliyofuata: Mwingereza alikishusha ngazi moja. Kwa kukishusha akakikabidhi kwa wananchi.

UTAWALA WA MWINGEREZA

Waingereza walipopewa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta chombo kilicho tayari na hawakukitupa. Maofisa wao walitakiwa kufaulu mitihani ya Kiswahili. Serikali ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Msomaji anaweza kuuliza: kama mkoloni alikijali Kiswahili kiasi hiki, ubaya wake uko wapi? Uko katika mahali alipokiweka. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamrishia chini. Barua ya Bwana Shauri kwa jumbe iliandikwa kwa Kiswahili. Barua ya Bwana Shauri kwa Gavana iliandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi aliambiwa kwa Kiswahili kiasi cha kodi atakachotoa, lakini hesabu ya jinsi kodi hiyo itakavyotumika ilifanywa kwa Kiingereza, katika Baraza la Kutunga Sheria ambalo Mwafrika hakuingia mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali.

Elimu ilijengwa kwa umbo hilo hilo. Palikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kundi na fungu lake, na fungu la Mwafrika likiwa dogo kuliko yote kwa kila mtoto. Ndani ya shule za Waafrika, madarasa ya chini yalisomeshwa kwa Kiswahili. Mchujo wa kwanza ulikuwa darasa la nne, na waliotupwa pale walirudi shambani na Kiswahili chao. Waliopita waliingia penye Kiingereza. Darasa la nane likawachuja tena. Wachache mno waliosalia waliifikia sekondari na mtihani uliotungwa Cambridge. Tabora, katika miaka ya 1920, ilianza kama shule ya watoto wa machifu. Mkoloni hakuficha nia yake: alitaka watawala wadogo watakaomwelewa.

Hebu tumtazame karani aliyetoka katika chujio hilo. Alilipwa mshahara wa fedha taslimu kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, wakati ndugu yake mwenye pamba au kahawa alingoja bei iliyopangwa na wengine. Alinunua baiskeli, akavaa viatu, akaitwa Bwana. Kijiji kizima kilitazama, na kijiji hakikukosea kuunganisha Kiingereza na viatu. Tena Mwingereza alikuwa na ujanja wa ziada. Palikuwa na maofisa waliochukizwa kabisa Mwafrika akiwajibu kwa Kiingereza. Walimwona mjuvi, wakamjibu kwa Kiswahili kibovu ili akumbuke mahali pake. Ukuta ukilindwa namna hiyo, aliye nje lazima aamini kwamba ndani kuna kitu.

Miji nayo ilisema jambo lile lile kwa mawe na udongo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: maneno haya matatu yalikuwa ramani ya Dar es Salaam na ya miji mingine mingi, na la tatu tunalitumia mpaka leo kwa maana ya mtaa wa vibanda visivyo na mpango. Jina la lugha yetu tukufu limekuwa jina la mtaa usio na mfereji. Kutoka hapo yakazaliwa matusi tunayotupiana bila kufikiri: acha Uswahili, huyu Mswahili sana, mambo ya Kiswahili. Upande wa pili chochote kilichokuwa kizuri kikaitwa cha kizungu. (Kuku peke yake ndiye aliyetushinda. Kuku wa kienyeji siku hizi ni ghali kuliko wa kizungu, maana mlaji amekwisha pima utamu wake mwenyewe na hahitaji cheti.)

Jirani zetu wa Kenya walipata dawa hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuikomboa akili jinsi, baada ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari mwaka 1952, mtoto aliyekamatwa akisema Kikuyu karibu na shule alivyochapwa au kuvishwa kibao cha kumfedhehesha shingoni, na jinsi watoto walivyofundishwa kusalitiana ili kujua nani amesema lugha ya mama yake. Frantz Fanon alikuwa ameonyesha mwaka 1952 ugonjwa ule ule katika kisiwa cha Martinique chini ya Wafaransa: Mtu Mweusi hupimwa utu wake kwa kadiri anavyoimudu lugha ya mtawala. Hapa kwetu shule nyingi za ada zimetundika mabango ya kuwaamuru watoto waseme Kiingereza tu, na mlipa ada, ambaye huenda ni kada, hupita chini ya bango hilo asubuhi akiwa na fulana ya kijani.

CHAMA, UHURU NA NUSU YA KAZI

Lazima tuwatendee haki makarani. Martin Kayamba wa Tanga na wenzake walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mwaka 1922 walikuwa watu wa Kiingereza, na katika mapokeo hayo ya kukutana na kudai ndimo ilimozaliwa African Association mwaka 1929. Mwalimu Nyerere alipokwenda mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwezi Machi 1955, aliidai nchi kwa Kiingereza. Silaha ya adui iligeuzwa ikamlenga.

Lakini nchi haikukombolewa New York. Ilikombolewa Mnazi Mmoja, Tabora, Lindi na Bukoba, na huko kazi ilifanywa kwa Kiswahili. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilipata wanachama wake kwa hotuba ambazo mpagazi na mama muuza maandazi walizifahamu neno kwa neno. Bibi Titi Mohamed, aliyesoma shule ya msingi tu, alikusanya wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vyao vya ngoma na kuwaingiza katika Chama kwa idadi iliyowashangaza wanaume waliosoma. Kama TANU ingeweka sharti la Kiingereza kwa viongozi wake, ingempoteza yeye na maelfu kama yeye, na ingebaki chama cha makarani. Hapa kwa mara ya kwanza Kiswahili kilikuwa lugha ya kwenda juu bila kuwa lugha ya kiboko.

Kisha Uhuru ukaja, na pamoja nao zile nafasi. Katika Elimu ya Kujitegemea Mwalimu aliweka hesabu mezani: mwaka 1961 watoto 490,000 walikuwa katika shule za msingi, 11,832 katika sekondari, na katika kidato cha sita nchi nzima walikuwa 176. Serikali mpya ilihitaji watu wa kujaza viti vya maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakifunga masanduku, na wa kuvijaza walikuwa hao wachache. Walipewa viti pamoja na nyumba za Uzunguni, mishahara ya kizungu iliyopunguzwa kidogo tu, na mafaili yale yale. Wananchi wakawaita naizesheni. Ngazi haikuvunjwa. Ilibadilishwa wapandaji.

Mwalimu aliliona hilo, nasi tuseme wazi kwamba yaliyofanyika katika miaka michache iliyofuata ni makubwa kuliko yaliyofanywa na nchi nyingi za Afrika. Tarehe 10 Desemba 1962 alilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri kwa Kiswahili. Mwaka 1963 alichapisha tafsiri ya Julius Caesar na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, na hivyo akamaliza ubishi wa waliosema lugha hii haiwezi kubeba mawazo mazito. Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967. Mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na shule za msingi zote za Serikali zikaanza kufundisha kwa Kiswahili. Matunda yake yalionekana. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu kwa maarifa ya tiba waliyopewa kwa lugha yao. Mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 waliosalia walikuwa kama mmoja katika kumi. Hakuna Kiingereza chochote ulimwenguni ambacho kingefanya kazi hiyo hapa.

Hatua iliyofuata ilikuwa sekondari. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa mwaka 1969 uliikubali, na Wizara ya Elimu ikapanga ratiba: Siasa ifundishwe kwa Kiswahili kuanzia mwaka wa masomo 1969/70, Sayansi Kimu mwaka uliofuata, kisha Historia, Jiografia, Biolojia, Kilimo na Hisabati. Siasa ikaanza. Mengine yote yakakwama. Miaka ikapita. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Ndugu Jackson Makweta, katika taarifa yake ya mwaka 1982, ilipendekeza kidato cha kwanza kianze kusoma kwa Kiswahili Januari 1985 na Chuo Kikuu kifuate mwaka 1992. Pendekezo hilo halikukubaliwa.

Kwa nini? Sababu zilizotolewa hadharani zinajulikana: vitabu hakuna, istilahi hazitoshi, walimu hawakuandaliwa, tutajitenga na dunia. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na waliotaka kusikia hivyo walifurahi sana. Kauli hiyo ni kweli kabisa kwa maana yake: Mtanzania anahitaji Kiingereza, na mwenye kulikana hilo anawadanganya vijana. Lakini kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kujifunzia Biolojia kwa Kiingereza usichokijua ni jambo jingine. Mwaka huo huo wa 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliupima uwezo wa wanafunzi wetu. Wakakuta kwamba Kiingereza kilikuwa hakifai tena kuwa lugha ya kufundishia sekondari, kwa sababu wengi mno hawakukifahamu. Kisha, baada ya kueleza ugonjwa kwa usahihi wa kupendeza, wakashauri kiendelee kutumika na kiimarishwe. Mradi wa kukiimarisha ukaanza mwaka 1987 kwa fedha za Uingereza. Hoja ya istilahi nayo ilikuwa ikipungua nguvu: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yalikuwepo. Yalikosa darasa la kuyatumia.

Kwa hiyo lazima tuitafute sababu isiyosemwa. Walioketi kuamua, karibu wote, walikuwa wamepanda kwa ngazi ile ile. Kiingereza kilikuwa mtaji wao pekee. Hawakuwa na viwanda wala mashamba makubwa ya kuwarithisha watoto, na Azimio la Arusha liliwakataza kuyatafuta. Tabaka lisiloruhusiwa kurithisha mali hurithisha elimu. Amílcar Cabral, aliyeuawa Januari 1973, aliwadai mabepari uchwara wa Afrika wajiue kitabaka, yaani waache maslahi yao na kuzaliwa upya pamoja na wafanyakazi na wakulima. Sekondari ya Kiswahili ingekuwa sehemu ya kifo hicho. Mtoto wa ofisa na mtoto wa mchunga mbuzi wa Kongwa wangeanza kidato cha kwanza wakiwa sawa kwa lugha, pengine mtoto wa mchunga mbuzi akiwa na methali nyingi zaidi. Sisemi kwamba watu walikutana usiku wakala njama. Haikuhitajika njama. Ilitosha kila mmoja kuona kwamba wakati bado haujafika.

MLANGO WA FEDHA

Mpaka miaka ya 1980 tulikuwa na kinga moja: shule za msingi za Kiingereza zilikuwa za watoto wa wageni, na mtoto wa waziri aliketi dawati moja na mtoto wa dereva. Kinga hiyo iliondolewa katika miaka ya 1990. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa mishahara zaidi ya mmoja, nyumba za kupangisha na hisa. Mara alipoipata fedha hiyo, mahali pa kuipeleka palifunguliwa, maana shule binafsi za Kiingereza ziliruhusiwa kuchukua watoto wa Watanzania. Shule za Serikali zikapachikwa jina la dhihaka la Mtakatifu Kayumba. Jina hilo halikubuniwa na mabeberu.

Angalieni pia yaliyoipata Siasa, lile somo moja lililovuka mto. Mfumo wa vyama vingi ulipokuja mwaka 1992, lilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Uraia, na Uraia katika sekondari ukafundishwa kwa Kiingereza. Kijana akatakiwa kukariri haki na wajibu wa raia wa Tanzania kwa lugha ambayo katibu wa tawi lake haisemi. Ninafundisha vijana waliopita katika mfumo huo. Ukiwauliza kwa Kiingereza maana ya mgawanyo wa madaraka, watakutolea sentensi kamili ya daftari la kidato cha pili, bila kosa. Waulize kwa Kiswahili kwa nini diwani asiwe hakimu, na hapo ndipo wanapoanza kubishana, kutoa mifano ya kata zao, na kufikiri.

Uzito wa jambo hili hauko shuleni tu. Mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, lakini shauri la shamba likipanda kwa rufaa liliingia katika Kiingereza, na mkulima aliyeshindwa alipewa hukumu aliyolazimika kuipeleka kwa mtu mwingine, mara nyingi kwa malipo, ili aambiwe kwa nini ardhi ya babu yake si yake tena. Hali hiyo ilidumu miaka zaidi ya hamsini baada ya Uhuru. Ni mwaka 2021 Bunge lilipotunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na kazi ya kuzitafsiri sheria zilizolimbikizwa tangu ukoloni ikaanza. Tukumbuke Waingereza walivyochukua karne tatu na zaidi, na mawakili wao walivyong'ang'ania. Wa kwetu nao wana vitabu, vyeti na ada zinazotegemea kutofahamika.

Makada huulizwa vijijini: je, Chama kinataka watoto wetu wasijue Kiingereza? Jibu la kukemea kasumba haliwatoshi wanaouliza, na wana haki. Wanajua kwamba usaili wa kazi nzuri unafanywa kwa Kiingereza, kwamba fomu ya mkopo wa benki huandikwa kwa Kiingereza, na kwamba mhubiri wa Kiswahili jukwaani ana watoto Inglishi midiamu. Kinachopaswa kujibiwa ni kwa nini mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi anapewa wiki chache za kozi ya Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza, kisha anatakiwa aelewe usanisinuru, vipeo na Mkutano wa Berlin kwa lugha hiyo, na akishindwa anaandikwa kuwa hana akili. Wengi wa watoto hao ni wa wakulima. Miaka ya 1960 mchujo ulifanywa mlangoni, maana ni wachache walioingia sekondari. Sasa wanaingia wengi, kila kata imejitolea nguvu na mawe kujenga madarasa, na mchujo unafanywa ndani, kimya kimya, na lugha.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Toleo la mwaka 2023 limekibakisha Kiingereza katika sekondari. Hata hivyo mitaala mipya imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili sekondari, kama Siasa ilivyokuwa mwaka 1969. Katika kipindi hicho mwanafunzi anasimama na kueleza habari za Kinjeketile, anaulizwa, anajibu, anabishiwa na wenzake. Kengele ikilia, kipindi kinachofuata ni Baiolojia, na mwanafunzi yule yule anafungua daftari jingine na kuanza kunakili ubaoni.